Msitu na mwamba kwa siku moja Unguja: maswali yenu

Tunakuja Unguja familia nzima. Tunataka kutembea msitu wa Jozani na kuangalia samaki baharini siku hiyohiyo. Tuanze na kipi?

Tazameni mwezi kwanza. Siku za bamvua, yaani mwezi mpevu au mwandamo na siku mbili tatu zinazofuata, maji ya Unguja hupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Hapo msitu uwe asubuhi, bahari kuanzia saa nane. Wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi, basi anzeni baharini. Siku za katikati, hesabuni kuchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku.

Wengi hufuata ratiba ya gari badala ya maji. Wakifika pwani ya mashariki saa nne siku ya bamvua, wanakuta mchanga mtupu na ngalawa zimekaa kavu. Maji yanapotoka nako kuna hatari: yote hukimbilia kwenye mlango wa mwamba, yaani pengo katika matumbawe, na mkondo wake humshinda hata mwogeleaji hodari. Ingieni saa moja kabla ya maji kujaa. Maji safi yanakuwa yameshaingia kutoka nje, mkondo unalegea, na kina kinatosha msikwaruze matumbawe.

Kima punju wa Jozani hawatawaharibia ratiba, kwani hula asubuhi, hupumzika mchana, kisha hula tena alasiri. Msiwape chochote. Chakula chao ni majani, na hata yale ya mkungu na mwembe yenye sumu wana dawa yake: hutafuna mkaa.

Hakuna mahali pa kupata vyote viwili bila kuzunguka na gari?

Chumbe, kisiwa kidogo kusini ya mji wa Zanzibar, chenye mnara wa taa wa mwaka 1904. Msitu wake umeota juu ya mawe makali ya matumbawe, na upande wa magharibi kuna mwamba usiovuliwa samaki, ndiyo maana matumbawe yake yamenawiri. Wageni wa siku moja hupokelewa nafasi ikiwepo tu, kwa hiyo ulizeni mapema. Ndala haziwafai kwenye njia ile. Vaeni viatu vya kufunika vidole, vyenye soli ngumu.

Miwani ya kuzamia inaingia ukungu na maji. Nimekaza mkanda mpaka kichwa kinauma.

Kukaza ndiko kunakovujisha, maana ukingo wa mpira hujikunja. Ijaribu kabla ya kuikodi: iweke usoni bila mkanda, vuta pumzi kwa pua, achia mkono. Ikibaki usoni, inakufaa. Ikianguka, omba nyingine. Masharubu mazito nayo hupitisha maji, na mafuta kidogo ya mgando juu ya mdomo husaidia, kama mpira ni wa silikoni.

Kwa ukungu, temea mate kwenye kioo kikavu, sugua kote, suuza mara moja tu, vaa. Miwani mpya ina utando wa kiwandani ambao mate hayauwezi. Isugue ndani kwa dawa nyeupe ya meno, mara mbili tatu, kabla ya safari. Na usipumue kwa pua.

Navaa hijabu. Nitavaaje miwani?

Mkanda upite juu ya hijabu, lakini ukingo wa mpira ukae kwenye ngozi tupu pande zote. Rudisha kitambaa nyuma kidogo kwenye paji na mashavu, ingiza nywele zote ndani. Uzi mmoja wa kitambaa ukikatiza chini ya mpira, maji yataingia. Chagua hijabu ya kuogelea inayobana; mtandio hulowa, huwa mzito, na hunasa kwenye mrija wa kupumulia.

Sijui kuogelea. Nikae kwenye boti?

Hapana, ila usianzie kwenye kina. Vaa jaketi la kuokolea, ufunge mikanda yote, kisha simama kwenye maji ya kiunoni. Lala kifudifudi, pumua polepole kwa mrija mpaka moyo utulie. Maji yakiingia kwenye mrija, puliza kwa nguvu mara moja, kama unayetema mbegu. Ukishaweza hayo, shika boya na nahodha au msaidizi wake akuvute. Asiyekuwa na jaketi la saizi yako, usipande boti yake.

Mwanangu alikanyaga yule mnyama wa miiba mirefu myeusi. Tuichimbe miiba?

Msichimbe, miiba hukatika ndani. Toeni kwa kibano ile inayojitokeza, kisha mguu ukae kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, dakika 30 hadi 90. Mtu mzima ayapime kwanza kwa mkono wake, mtoto asije akaungua. Mwiba ulio karibu na kiungo, au uvimbe unaozidi kesho yake, ni wa hospitali.