Fedha ya Bali: tazama shina la kipunje kabla hujalipa

Mara ya kwanza nilipofika Celuk, kijiji cha masonara kisiwani Bali, Indonesia, kati ya miji ya Denpasar na Ubud, niliingia duka kubwa la barabarani nikanunua hereni za madini ya fedha zenye vipunje, yaani viduara vidogo vilivyopambwa juu yake, kwa bei ya kazi ya mkono. Kesho yake niliketi uani kwa fundi mmoja wa vichochoroni. Akazigeuzageuza, akanirudishia kimya. Zilikuwa zimemiminwa kwenye kalibu.

Iliniuma sana. Nikamwomba anionyeshe tofauti, naye akaanza kazi mbele yangu. Vipunje hivyo wenyewe huviita jawan. Alikata waya mwembamba wa fedha vipande vidogo mno, akavipasha moto juu ya mkaa huku mguu ukikanyaga pampu, na kila kipande kikajikunja chenyewe kikawa duara. Kisha akaviokota kimoja kimoja kwa ncha ya brashi, akavibandika kwenye pete kwa gundi ya mbegu nyekundu zilizosagwa kwa maji. Ndipo akanyunyizia unga wa kuungia, akapitisha moto. Ukizidi kidogo tu, vyote vinayeyuka na kazi imepotea. Nilishika pumzi! Mwishowe pete ikaingia kwenye maji ya ukwaju, huuhuu tunaoukamulia juisi, ikatoka nyeupe.

Kwa hiyo ukienda, beba lenzi ndogo ya kukuzia. Kipunje cha mkono kinasimama peke yake, kimegusa pete kwa nukta tu, na chini yake unaona kivuli. Cha kalibu kimezama kama kipele. Muhuri wa 925 usikutosheleze: unasema gramu 925 katika kila 1000 ni fedha, na kilichobaki kwa kawaida ni shaba. Hausemi kitu kilitengenezwa vipi. Uliza bei ya gramu na bei ya ufundi, kila moja peke yake; mimi ya ufundi siipunguzi tena, nimeshaona mgongo wa yule mtu ulivyoinama.

Karakana kadhaa pale hufundisha wageni kwa saa chache. Jifunze kwanza, ununue baadaye.

Na ukifika nyumbani, tafadhali usiichovye kwenye dawa ya kung'arishia. Ule weusi ulio kati ya vipunje si uchafu, fundi aliuweka makusudi ili vionekane. Futa juu juu kwa kitambaa laini, weusi uache ulipo.