"Mwalimu, nipe mada": majibu ya barua za mwezi huu

Mwezi uliopita nilisema sitajibu tena "naomba mada nzuri ya insha". Zimekuja kumi na moja. Nimewajibu waliojisumbua kueleza wako wapi na wamekwama wapi. Waliobaki wanajijua.

*Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha tano, Tabora. Tumepewa insha ya historia ya maneno 1,500, mada tuchague wenyewe. Nimechagua "Harakati za uhuru barani Afrika". Naomba pointi.*

Marahaba. Pointi sina. Bara lina nchi zaidi ya hamsini, wewe una maneno 1,500. Gawanya: kila nchi inapata maneno yasiyofika thelathini, na wapigania uhuru wote hao wanataka kutajwa majina.

Nakuelewa lakini, maana nilipita njia hiyo hiyo. Nikiwa chuo cha ualimu niliandika "Maendeleo ya elimu Afrika", kurasa tisa, mwandiko mzuri, nikasubiri sifa. Mkufunzi alinirudishia na 8 kati ya 20, na pembeni kwa wino mwekundu maneno mawili: "Afrika ipi?" Niliudhika wiki nzima. Hakuwa amekosea.

Wewe unaishi Tabora, mwanangu. Januari 1958 TANU walikutana hapo hapo mjini kwenu kuamua kama washiriki uchaguzi wa kura tatu, ule uliomlazimisha kila mpiga kura kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wajumbe wengi walitaka kususa, na walikuwa na sababu. Nyerere akawashawishi waingie. Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitoa na kuanzisha chama chake. Uamuzi ule tunauita wa Busara mpaka leo. Basi uliza: kwa nini chama kilikubali kuingia kwenye uchaguzi ambao chenyewe kiliuona wa dhuluma? Mtemvu alikuwa na hoja au alikuwa mkaidi tu? Hapo kuna mtu wa kubishana naye. Halafu umepungukiwa nini, kama tukio lenyewe lilifanyika mahali unapoweza kwenda kwa baiskeli?

*Insha inatakiwa iwe na aya ngapi?*

Zinazotosha. Mwakani mkiniuliza tena nitasema kumi na saba, tuone mtafanyaje.

*Mwalimu, mimi ni binti wa Mwanga, Kigoma, niko mwaka wa pili wa ualimu. Usiku naandika simulizi ya mashabiki: nimechukua wahusika wa tamthilia ya Kikorea nikawahamishia Kigoma. Nipo sehemu ya 34, wasomaji wananidai kila siku. Mchana nafuma vitambaa vya makochi, na nina oda ya bibi harusi, vitambaa kumi na viwili vya makochi na stuli, tarehe 28. Insha inakusanywa tarehe 25 na sina mada. Leo ni tarehe 6. Nianze na lipi?*

Anza na hesabu. Kama kitambaa kimoja cha kochi kinakula jioni mbili, na kwa mfumaji anayesoma hizo ni chache, oda yako ni jioni 24. Zilizobaki mpaka tarehe 28 ni 22. Maana yake ulikwisha chelewa siku ulipopokea advansi, kabla insha haijaingia wala simulizi haijadai. Tabia hii ya kusema "sawa, itakuwa tayari" huku kichwani hujahesabu kitu tumeirithi kwa mafundi cherehani wa sikukuu, wale wa "njoo kesho". Tunawacheka, kisha tunafanya vile vile.

Mpigie bibi harusi leo. Tarehe 6 atanuna kidogo. Tarehe 27 atakuja na mama yake. Mwambie utamkamilishia vinane vya makochi kwa mkono wako, na vinne vya stuli atavifuma mwenzako. Nimesema vya stuli kwa makusudi. Kila mkono hukaza uzi kwa namna yake, na vitambaa viwili vya mikono tofauti vikikaa kochi moja hata mgeni asiyejua kufuma ataona kuna kitu. Vya stuli hukaa peke yake. Na nunua nyuzi zote siku moja, duka moja, za kwako na za mwenzako, kwa sababu uzi wa rangi ya maziwa wa leo dukani si sawa na wa wiki ijayo, hata karatasi ikiandikwa rangi ile ile.

Vinane ni jioni 16. Zimebaki sita za insha, na hizo ziwe kabla ya tarehe 25. Simulizi, mwanangu, isimame. Andika "itaendelea tarehe 30" ulale. Wasomaji wako watalalamika, lakini hakuna hata mmoja aliyekulipa advansi.

Sasa mada. Unaniambia huna mada wakati umekaa juu yake sehemu 34. Umewaleta Wakorea Kigoma, je, wanaamkianaje? Kikorea kina ngazi za heshima ndani ya kitenzi chenyewe, na mdogo hamwiti mkubwa jina tupu. Msichana humwita kaka yake wa kuzaliwa "oppa", na mwanaume anayempenda, akiwa amemzidi umri, naye humwita "oppa" hiyo hiyo. Ukiandika "kaka" kila mahali, msomaji wa Gungu, hapo hapo Kigoma, atashtuka: huyu anataka kuolewa na kaka yake? Ukiandika "mpenzi", umeondoa heshima yote ya umri iliyobebwa na neno. Lazima uliamua kitu. Na yule mama mkwe mkali, mkwewe anamwamkia shikamoo? Kwa goti? Anaitikiwa? Rudi sehemu ya kwanza, chora mstari kila mtu anapomwita mwenzake, uone uliamua nini na ulibadili wapi bila kujua. Hiyo ni insha ya lugha na jamii ambayo hakuna mwingine darasani kwako anaweza kuiandika.

Moja hukuuliza, ila umelidokeza mwisho wa barua yako: kwamba kuanzia sehemu ya 40 utauza kwa shilingi 1,000. Usiuze. Kuandika kwa mapenzi na kuwapa watu bure wengi hufumbiwa macho. Ukiweka bei kwenye wahusika wa mtu mwingine umeingia kwenye Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na kubadilisha mji hakukufanyi mwenye mali. Ukitaka hela, wape wahusika majina mapya, kazi mpya, ukoo mpya. Kwa sehemu 34 nadhani nusu wamekwisha kuwa Waha.

*Mwalimu, kijana wangu yuko kidato cha tatu. Badala ya kusoma anaandika hadithi za wahusika wa watu, upuuzi mtupu. Nimemnyang'anya daftari. Nimekosea? Baba, Kasulu.*

Mrudishie, mzee mwenzangu. Abunuwasi unamjua: yule wa sufuria iliyozaa, halafu ikafa. Alikuwa mtu wa kweli, Abu Nuwas, mshairi wa Baghdad zama za Harun al-Rashid, zaidi ya miaka 1,200 iliyopita, na sifa yake kubwa ilikuwa mashairi ya mvinyo. Waliompenda wakamtunga upya, wakampa ujanja, wakamvusha bahari, na sisi tukampa sufuria. Hakuna aliyewaomba ruhusa, na hakuna baba aliyechoma daftari. Kwa bahati.

Kijana anayeandika bila kuchapwa ni hazina, ila mwekee mpaka wa saa. Na uisome hiyo hadithi kabla ya kuiita upuuzi. Barua yako inaonyesha hujaifungua.

*Je, Stanley na Livingstone bado ni mada nzuri?*

Hapana. Ukishikwa na kiu sana, andika kuhusu Susi, mtumishi wa Livingstone aliyetoka kumlaki Stanley pale Ujiji 1871, kisha yeye na Chuma wakawa miongoni mwa waliobeba maiti ya Livingstone mpaka pwani. Mwembe waliokutana chini yake tuachieni.

*Nina cherehani Kibirizi, Kigoma, na jioni najisomea. Kuna shindano la insha kuhusu mazingira. Nimeanza "Umuhimu wa kutunza mazingira" nikakwama ukurasa wa kwanza. Sare za shule zinanisubiri pia.*

Umekwama kwa sababu hakuna anayepinga. Nani atasimama aseme mazingira yachafuliwe? Insha za namna hiyo nimezisahihisha miaka mingi, zote zinaanza na "Mazingira ni vitu vyote vinavyotuzunguka", na mimi zikinizunguka nasinzia.

Inua macho kutoka kwenye sindano. Mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa ili samaki wazaliane. Ziwa ni la nchi nne, na samaki hasomi mpaka. Wewe ulikuwa Kibirizi. Ulishonea nani miezi ile mitatu? Waanika dagaa walikuja na vitenge au walikuja kuomba ulipwe baadaye? Daftari lako la oda la Mei, Juni na Julai 2024, kama hukulitupa, ni ushahidi ambao mtaalamu angekuja na gari kuutafuta. Linganisha na miezi hiyo hiyo ya mwaka uliotangulia. Halafu jadili: ziwa lipumzishwe, sawa, lakini mama mwenye kichanja cha dagaa ale nini akisubiri? Hapo utapingwa, na utajaza kurasa.

Sare zishone kwanza. Watoto hawaingii darasani na insha.

*Programu ya simu inaniandikia insha kwa dakika moja. Kuna ubaya?*

Mmoja wenu alinitumia iliyoandikwa hivyo. Kigoma ilikuwa kando ya Ziwa Victoria.

*Mwalimu, mimi ni wa Ujiji, kidato cha pili. Nilitaka kuandika kuhusu MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, lakini rafiki zangu wanasema imeandikwa na kila mtu. Niache? Babu yangu alifanya kazi bandarini.*

Usiache. Punguza. Kila mtu ameandika kwamba iliundwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaja kwenye makasha yapatayo 5,000, ikapandishwa treni mpaka hapa na kuunganishwa upya. Kila mtu ameandika kwamba Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 ili isichukuliwe, na Waingereza wakaiinua 1924, ikarudi kazini 1927. Sawa. Wewe chukua kitu kimoja tu: kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito.

Kwa nini? Mtu anayetupa kitu hakipaki mafuta. Walitarajia kurudi? Au ni fundi tu, ambaye mkono wake haukukubali kuua kazi yake? Sijui wewe utajibu nini, na ndiyo maana ningeisoma insha hiyo mpaka mwisho.

Umesema babu alifanya kazi bandarini, halafu ukalipita hilo kama si kitu. Nenda kwake leo jioni, kabla hajaswali magharibi. Muulize chuma kikikaa majini miaka mingi kinakuwaje, na grisi inasaidia nini. Beba daftari, si simu.