Anza Kanji na Mama Yako

Nilipoanza Kijapani nilikariri kanji, yaani zile alama za maandishi ya Kijapani zilizotoka Uchina, kwa orodha: leo kumi, kesho kumi. Wiki ikiisha, nimebaki na mbili kichwani. Mambo yalinyooka nilipoiacha orodha nikaanza kuandika ukoo wangu.

Anza na 女, onna, mwanamke. Ni mistari 3 tu, ila mkono wangu ulikuwa unakimbilia mstari wa kulala, kumbe huo ndio wa mwisho. Andika く, kisha ノ, umalizie na 一. Ukizoea hivyo, 母, yaani haha, mama, haitakusumbua, maana humo pia mstari wa kulala hufunga kazi. Vile vidoti viwili vya ndani ni matiti ya mama anayenyonyesha.

Kisha waandike ndugu zako. Sisi tukisema "mdogo wangu", msikilizaji hajui kama ni wa kike au wa kiume. Mjapani lazima achague: 妹 (imōto) wa kike, 弟 (otōto) wa kiume. Dada mkubwa ni 姉, ane. Itazame vizuri: kushoto mwanamke, kulia 市, ambayo husomwa shi. Na katika neno 姉妹, shimai, yaani dada mtu na mdogo wake, 姉 nayo husomwa shi. Upande mmoja unabeba maana, wa pili unabeba sauti. Utasikia hadithi nyingi, kwamba 妹 ni "mwanamke" na "bado". Zitumie kukumbuka, lakini nakusihi utafute sauti kwanza, kwa sababu ndiyo itakayokusaidia kusoma kanji usiyowahi kuiona.

Kilichonigusa kuliko vyote ni 伯母 na 叔母. Zote husomwa oba. Kamusi yangu ilisema "shangazi" kwa zote mbili, nikawa nazichanganya kila siku, mpaka nilipoiona 母 imekaa ndani yake. Ya kwanza ni dada mkubwa wa mzazi, ya pili ni dada mdogo. Mama mkubwa na mama mdogo! Nilikuwa nayo nyumbani tangu utotoni. Tofauti ni kwamba Kijapani hakitenganishi upande wa baba na wa mama, kwa hiyo shangazi naye huingia humo humo.

Chunga heshima pia. Haha ni mama yako unapomtaja kwa watu wa nje. Mama wa mwenzio ni okāsan. Niliwahi kumuuliza mwanafunzi mwenzangu hali ya "haha" yake, mwalimu akanirekebisha kwa upole. Tangu siku hiyo, kila nikiandika 母 kwenye daftari, pembeni yake naandika お母さん, okāsan.