Kabla ya kumpelekea mtu mstari, soma sura nzima

Dada mmoja tunayesali naye alikuwa akimuuguza mumewe. Nilipokwenda kuwajulia hali nikamsomea Yeremia 29:11: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Nikamhakikishia kwamba haitachukua muda, mgonjwa atainuka. Akaniomba Biblia, akaiweka magotini, akapandisha kidole hadi mstari wa 10.

"Hapa panasema miaka sabini," akaniambia. "Mume wangu anayo?"

Sikuwa na jibu. Mstari wa 11 niliupaka wino mwekundu zamani. Wa juu yake sikuwahi kuutazama.

Usiku ule niliisoma barua yote. Ndiyo, ni barua: Yeremia aliiandika Yerusalemu akawapelekea mateka waliokuwa Babeli. Anawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuozesha, wauombee amani mji ule ule walikopelekwa utumwani, kwa kuwa hawarudi leo wala kesho. Katika sura ya 28 yumo Hanania, nabii wa uongo, aliyewaahidi watu kwamba ndani ya miaka miwili mateka wangekuwa wamerudi. Hapo moyo uliniuma. Pale kitandani nilikuwa nimeushika mstari wa Yeremia, lakini maneno niliyosema yalikuwa ya Hanania.

Tangu hapo, kabla sijampa mtu neno, nauliza: nani anasema, anamwambia nani, na kimetangulia nini? Hilo la kwanza tunalisahau mno. Chukua Ayubu 8:7, kwamba mwanzo ujapokuwa mdogo, mwisho utaongezeka sana. Tunautumia kumtakia mtu heri. Anayesema ni Bildadi, mmoja wa rafiki watatu wa Ayubu, naye mistari mitatu tu nyuma amemwambia Ayubu, baba aliyetoka kuzika wanawe, kwamba huenda walikufa kwa dhambi zao. Katika 42:7 Mungu mwenyewe anawakasirikia Elifazi na rafiki zake wawili kwa kutonena yaliyo sawa. Si kwamba kila walilosema ni uongo. Paulo ananukuu maneno ya Elifazi katika 1 Wakorintho 3:19. Lakini huwezi kuyapima usipojua yametoka kinywani mwa nani.

Namba nazo zinatukatia maneno vipande vipande. Waandishi hawakuziweka. Mgawanyo wa sura tulio nao ni wa karne ya 13, na mistari ya Agano Jipya ilipewa namba na Robert Estienne, mchapaji vitabu Mfaransa, mwaka 1551. Zinasaidia kutafuta mahali, ila Paulo alipowaandikia Wafilipi alitaka wasomewe barua, wala si 4:13 peke yake, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu," bila ule wa 12 unaotaja njaa na upungufu.

Je, Yeremia 29 haituhusu basi? Inatuhusu sana. Miaka sabini ni ya mateka wale, lakini Mungu aliyewaandikia watu wake katikati ya kungoja kurefu ndiye tunayemwomba.

Wiki iliyofuata nilirudi kwa yule dada nikamwomba radhi. Tukaisoma barua tangu mstari wa kwanza, mumewe akisikiliza. Tulipofika pa kupanda bustani, mgonjwa akainua mkono, akaomba turudie.