Maswali na Majibu: Uchache Pekee Haulipandishi Gari Bei

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo lile lile, yaani iwapo gari la kasi lililotengenezwa kwa idadi maalumu ni lazima lipande thamani. Nimechagua tano.

Jaguar XJ220 ni chache kuliko Ferrari F40. Kwa nini basi F40 ndiyo ghali? (Msomaji, Mombasa)

Kwa sababu bei haipangwi na idadi ya magari yaliyopo, bali na idadi ya watu wenye fedha wanaoyagombea. F40 ilipotoka mwaka 1987, Ferrari ilikusudia kutengeneza takriban magari 400, lakini wateja walifurika, na uzalishaji ulipokoma mwaka 1992 yalikuwa yamepita 1,300. XJ220 hazikufika hata 300. Pamoja na hayo, F40 huvuka dola milioni 1 mnadani bila taabu, ilhali XJ220 huuzwa kwa sehemu tu ya fedha hizo.

Tatizo la Jaguar lilianza kwenye ahadi. Mwaka 1988 kampuni hiyo ilionyesha gari la injini ya silinda 12, linaloendeshwa na magurudumu yote manne, na watu wakaweka arbuni ya paundi 50,000 kila mmoja. Gari lililowafikia mwaka 1992 lilikuwa na injini ya silinda 6 yenye turbo mbili, ikisukuma magurudumu ya nyuma peke yake. Uchumi nao ulikuwa umedorora, hata walanguzi waliokusudia kuliuza siku ya kukabidhiwa hawakupata wa kumuuzia. Wapo waliolipa ili waachiliwe kwenye mikataba yao, na wapo waliofikishana mahakamani. Gari lenyewe si baya hata kidogo: kwenye uwanja wa majaribio wa Nardò, Italia, lilikimbia zaidi ya kilomita 340 kwa saa. Hata hivyo, lilichukua miaka mingi kuachana na sifa ya gari lililokimbiwa na wateja wake. F40, kwa upande wake, ni gari la mwisho la barabarani alilolipitisha Enzo Ferrari kabla ya kufariki Agosti 1988, na sifa hiyo hakuna kiwanda kinachoweza kuitengeneza upya.

Kibao cha namba ya utengenezaji ndani ya gari langu la toleo maalumu kinaonyesha namba 7. Je, namba ndogo ina thamani zaidi? (Msomaji, Dar es Salaam)

Namba ya kwanza na ya mwisho huwavutia baadhi ya wanunuzi. Zilizobaki katikati ni namba tu. Swali hili nimelijibu mara nyingi na jibu halijabadilika.

Kuna anayeniuzia Porsche ya toleo maalumu kwa mara mbili ya bei ya kiwandani, akisema hazitatengenezwa tena. Ninunue? (Msomaji, Nairobi)

Kwanza soma kisa cha 911 R. Mwaka 2016 Porsche ilitangaza kwamba itatengeneza 991 tu, zikiwa na injini ya lita 4 na gia za kubadilisha kwa mkono, wakati GT3, toleo jingine la kasi la 911, la siku hizo halikuwa na gia hizo kabisa. Bei ya Marekani ilikuwa dola 184,900, lakini wenye haraka walilipa mara kadhaa ya hiyo. Mwaka uliofuata Porsche ikairudisha gia ya mkono kwenye GT3 mpya, kisha ikaongeza toleo la Touring lisilo na bawa kubwa la nyuma, na bei za 911 R zikaporomoka. Ahadi haikuvunjwa, kwa maana idadi ilibaki 991. Kilichobadilika ni kwamba kitu ambacho watu walikuwa wakikigombea, yaani raha ya kuendesha gari la aina ile kwa klachi, kilianza kupatikana kwingine.

Kwa hiyo muulize muuzaji wako gari hilo lina nini ambacho kiwanda hakiwezi kukitoa tena mwakani. Akikujibu kwa kutaja rangi, uzi wa viti na jina lililoandikwa kizingitini, lipa bei ya kiwandani au uondoke. Kumbuka pia kwamba uchache wa namna hii hupangwa ofisini: Ferrari ilitengeneza magari 349 ya F50, ikieleza wazi kwamba imekusudia kupunguza gari moja kwenye idadi iliyoamini ingeweza kuuza.

Shikamoo mzee. Nimeonyeshwa Subaru Impreza 22B kwenye yadi kwa bei nafuu sana. Muuzaji anasema ni moja ya zile 400. (Msomaji, Nakuru)

Marahaba. Bei nafuu sana ndiyo inayonitia shaka, kwani 22B halisi huvuka dola 100,000. Zile 400 za soko la Japani zilitoka mwaka 1998 kuadhimisha ubingwa wa dunia wa mbio za magari ambao Subaru iliutwaa miaka mitatu mfululizo, na wenyeji wa Nakuru hawahitaji kukumbushwa kwamba dereva Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza ya milango miwili inayofanana nayo. Hapo uchache una maana, kwa sababu una sababu.

Lakini Impreza ya kawaida ya milango miwili hugeuzwa "22B" kwa kazi ya bodi. Pitisha sumaku kwenye madigadi ya nyuma yaliyopanuliwa: isiposhika, chini kuna puti au plastiki. Injini iwe EJ22 (ya lita 2.2), si EJ20 (ya lita 2.0), ingawa injini hubadilishwa. Namba ya chesisi ndiyo ya kulinganisha na karatasi za Japani. Isitoshe, Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika la zaidi ya miaka 8, hivyo kama muuzaji anadai limetua bandarini juzi, mwache aieleze polisi.

Nilifungie gari ndani bila kuliendesha ili lipande bei? (Msomaji, Muscat)

Kilomita chache husaidia bei, ila gari lililolala nalo hula fedha. Matangi ya F40 yana mifuko ya mpira ambayo huchakaa na kudai kubadilishwa hata kama gari halijatoka bandani. Matairi ya XJ220 yalikuwa taabu kupatikana kwa miaka mingi, hadi Bridgestone ilipoyatengeneza upya. Liwashe, liendeshe mara kwa mara mpaka oili ipate moto, tunza kila risiti ya fundi, na kama karibu nawe hakuna fundi anayelijua gari hilo, gharama ya kumsafirisha yeye au gari iingie kwenye hesabu kabla hujalinunua.