Mtoto akiumia leba, dai faili kabla hujadai hela

Kila nikipigiwa simu na mama ambaye mwanae aliumia wakati wa kuzaliwa swali la kwanza ni lile lile, eti wakili gani mzuri, na mimi namjibu kwa swali, faili unalo? Mara nyingi hana. Ana picha za mtoto, ana machungu, analikumbuka jina la nesi aliyekuwa zamu usiku ule, lakini karatasi hana hata moja. Na hapo hapo ndo mimi nilipopoteza miezi 14, kwahiyo naomba unisikilize.

Mwanangu ana miaka 9 sasa. Ana mtindio wa ubongo, hatembei mwenyewe, anaongea kwa shida ila anaelewa kila kitu na akikitaka kitu chake atakidai mpaka akipate. Kesi yetu ilichukua karibu miaka 5 na tulilipwa. Naandika kwa sababu wakati wangu nilitafuta mtu wa kunielekeza kwa lugha ya kawaida sikumpata, kila mtu alikuwa ananiambia mwachie Mungu. Kwa Mungu nilienda na nikamwachia, lakini kiti cha mtoto na mazoezi ya viungo vinataka hela kila mwezi.

Usiku wenyewe ulikuwa hivi. Niliingia leba saa 2 usiku, mimba imetimia na kliniki zote nilihudhuria, hakuna aliyewahi kuniambia nina tatizo. Saa 6 wakaniwekea dripu ya kuongeza uchungu. Ile dripu kama hujawahi kuwekewa sijui nikuelezeje, uchungu ulikuwa unakuja juu ya mwingine hata pumzi sipati, namwambia nesi ananijibu mama tulia, leba ndo ilivyo. Nilikuja kuelewa baadae kabisa kwamba mtoto anapata damu vizuri pale kizazi kinapolegea kati ya uchungu na uchungu, sasa ukibanwa mfululizo bila kupumzika na yeye anakosa hewa, na ndo maana mtu akiwa kwenye dripu lazima mapigo ya moyo ya mtoto yafuatiliwe kwa karibu sana. Mwanangu alizaliwa saa 11 na dakika 20 alfajiri. Hakulia. Siku hiyo hiyo akaanza degedege, wakaniambia mtoto amechoka.

Hilo neno "amechoka" niliishi nalo mwaka mzima. Nilienda pale hospitali mara tatu kugomba, nikatolewa na walinzi mara moja, nikaandika mambo mitandaoni kwa hasira na kutaja watu. Wakili alivyokuja kuyaona akanikataza kuendelea kuandika na akanikataza pia kufuta, kwa sababu ukifuta upande wa pili watasema unaficha. Kugomba kote kule hakukunipa hata karatasi moja.

Faili tulilipata kwa barua. Nchi nyingi mgonjwa ana haki ya kupata nakala ya kumbukumbu zake za matibabu na mzazi anaomba kwa niaba ya mtoto, kwahiyo andika barua fupi isiyo na matusi wala shutuma, weka tarehe, peleka nakala mbili, moja wakugongee muhuri wa kupokea urudi nayo nyumbani. Na usiseme tu "naomba faili", taja vitu kwa majina: chati ya uchungu, yaani patografu, ile karatasi wanayojaza njia imefunguka sentimita ngapi na mapigo ya mtoto ni mangapi, maelezo ya manesi ya kila zamu, karatasi ya dawa na dripu ionyeshe iliongezwa saa ngapi, karatasi ya mashine ya mapigo kama ulifungwa mashine, alama za Apgar (zile anazopewa mtoto akizaliwa tu, kuonyesha anapumua na hali yake ikoje), kipimo cha damu ya kitovu kama kilichukuliwa, faili la mtoto mwenyewe kule chumba cha watoto mahututi (hili ni faili tofauti na lako, wengi hawajui), na kadi yako ya kliniki. Ile karatasi ya mashine inachapwa kwa joto na maandishi yake yanafifia kadiri muda unavyoenda, kwahiyo ukiipata itoe kopi siku hiyo hiyo.

Kwetu walisema faili limepotea. Barua ya pili wakasema wanatafuta. Ya tatu ilivyotoka kwa wakili faili likaonekana ndani ya wiki.

Nilikaa na ile patografu mezani nikapitisha kidole kwenye mstari wa mapigo ya mtoto. Saa 7 na nusu usiku kuna nukta, 144. Baada ya hapo viboksi vyeupe, vyeupe, vyeupe, mpaka saa 10 na robo ndo kuna nukta nyingine, iko chini kabisa, 90. Mapigo ya kawaida ya mtoto tumboni ni kati ya 110 na 160 kwa dakika, na Shirika la Afya Duniani linataka yasikilizwe kila dakika 15 mpaka 30 uchungu ukishakolea, na kila dakika 5 mama akianza kusukuma. Mimi pale kuna masaa karibu matatu meupe na dripu inatiririka. Sikulia siku ile, nilimwita mume wangu nikamwekea kidole pale pale, hakusema neno.

Na kuna kitu kingine kilichotusaidia ambacho hakuna aliyekipanga. Dada yangu alikuwa nje ya wodi anamtumia mume wangu meseji maana mume wangu alikuwa safarini. Saa 9 na dakika 4 aliandika "bado hajaangaliwa nimeita mara mbili wanasema nisubiri". Simu inaweka saa yenyewe, haibishani na mtu. Kwahiyo leo leo kabla hujabadilisha simu, tafuta meseji zote za siku ile, zako, za mama yako, za wifi, picha hata ya mlango wa wodi, hifadhi sehemu mbili. Alafu kaa uandike unachokumbuka saa kwa saa, nani alisema nini, na aliyekusindikiza aandike yake peke yake bila kuangalia yako.

Sasa hapa kuna jambo gumu na nalisema kwa upendo. Mtoto kuumia peke yake hakutoshi. Mtindio wa ubongo sehemu kubwa hautokani na leba, unaweza kutokana na maambukizi wakati wa mimba, kuzaliwa njiti, hata vinasaba, na kuna watoto wameumia na wahudumu walifanya kila kitu sawa. Mahakama itataka vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya: kwamba walifanya chini ya kiwango, na kwamba hicho walichokifanya ndicho kilichomuumiza mtoto. Kwenye kiwango, sheria za nchi nyingi zilizorithi mfumo wa Uingereza zinafuata kesi ya Bolam ya mwaka 1957, wanauliza je kuna kundi la wataalamu wenzake wanaoheshimika lingefanya kama alivyofanya yeye? Ndo maana kwa kawaida huwezi kushinda bila mtaalamu wa fani hiyo hiyo upande wako, mkunga asemewe na mkunga, daktari wa uzazi na daktari wa uzazi.

Cha pili ndo kilitutesa. Hospitali walikubali mapema tu kwamba chati ina mapengo, lakini wakasema mtoto aliumia kabla sijafika kwao. Kilichotuokoa ni vipande vidogo vidogo. Apgar ya dakika ya kwanza ilikuwa 2, ya dakika ya tano 4, kati ya 10. Damu ya kitovu, ambayo kuna mtu alikumbuka kuichukua na namshukuru mpaka leo, ilikuwa na tindikali nyingi, pH chini ya 7.0. Degedege siku ya kwanza. Na MRI, yaani picha ya ubongo, ilionyesha majeraha kwenye sehemu za ndani za ubongo zinazoumia hewa ikikatika ghafla karibu na kuzaliwa. Kila kimoja kikiwa peke yake kinabishiwa, vikikaa pamoja inakuwa ngumu. Kwahiyo kama mwanao hajafanyiwa MRI na daktari anashauri, usiikatae, inasaidia matibabu na inasaidia kesi.

Na uzembe hauko kwenye leba tu. Mtoto aliyekosa hewa akizaliwa wakati umetimia kuna tiba ya kumpoza mwili mpaka nyuzi 33 hadi 34 kwa masaa 72, lakini inatakiwa ianze ndani ya masaa 6. Mwanangu alihamishwa akiwa na masaa 9. Angalia pia kama ulielezwa hatari kabla. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya Montgomery, mama mwenye kisukari na umbo dogo ambaye hakuambiwa kwamba mabega ya mtoto yanaweza kukwama wala hakupewa nafasi ya kuchagua upasuaji, mabega yakakwama dakika 12 na mtoto akapata mtindio wa ubongo. Alipewa pauni milioni 5.25. Mtoto wake alizaliwa 1999, hebu hesabu miaka.

Muda ndo unaoua kesi nyingi kimya kimya. Kila nchi ina ukomo wake wa kufungua kesi na kuna sehemu ni mfupi sana hasa kama hospitali ni ya serikali, unaweza kutakiwa kutoa notisi kwanza. England na Wales kwa mfano ni miaka 3, ila kwa mtoto inaanza kuhesabiwa akifika 18. Usijipe moyo kwa kusikia ya nchi nyingine, swali lako la kwanza kwa wakili liwe hili, siku yangu ya mwisho ni lini, na aandike. Na dai la mtoto na dai lako wewe mama kwa mwili wako ni madai mawili, yanaweza kuwa na ukomo tofauti.

Uliza pia kama kwenu kuna mfuko unaolipa bila kuthibitisha kosa la mtu. New Zealand wanao tangu 1974, majimbo ya Virginia na Florida kule Marekani waliweka yao kwa majeraha ya kuzaliwa mwaka 1987 na 1988, na Japani walianza 2009 kwa watoto wenye mtindio wa ubongo mkali. Kama upo anzia huko, na umuulize wakili ukichukua hiyo unazuiwa kushtaki au la.

Kuhusu wakili, mchukue aliyewahi kufanya kesi za hospitali, shemeji yako wa kesi za viwanja mshukuru tu. Kaa naye uulize nani analipa wataalamu, maana hao ndo gharama kubwa, asilimia yake inakatwa kabla au baada ya gharama, na tukishindwa nani analipa upande wa pili. Wangu alikataa kuniahidi kiasi na wakati ule niliona hajiamini, leo ningemkimbia anayeahidi. Na malalamiko kwenye baraza la madaktari au la wauguzi yapeleke kama unataka mtu awajibishwe, lakini jua baraza kazi yake ni nidhamu, kwa kawaida halikupi fidia.

Kwenye kiasi, sikia hapa. Fidia kubwa haiko kwenye machungu, iko kwenye matunzo. Nilikuwa na daftari la kaunta, nilianza kuandika mtoto akiwa na miezi 16: nauli ya mazoezi, dawa za degedege, pampasi (mtoto wa miaka 5 bado anavaa), viatu vya kurekebisha miguu, na pembeni nikawa naandika masaa. Kumlisha dakika 50 mara tatu kwa siku. Kumgeuza usiku mara nne. Mtaalamu wa matunzo alivyoliona lile daftari alilisoma ukurasa kwa ukurasa akaniambia mama hapa umenipunguzia nusu ya kazi. Hayo masaa yana thamani kwenye hesabu hata kama hakuna aliyekulipa. Ongeza kazi uliyoacha, ukarabati wa nyumba ili kiti kipite, kipato ambacho mtoto angekipata ukubwani.

Kabla ya yote hayo, mtoto akiwa na miezi 8, waliniita ofisini wakaniambia watanifutia deni la matibabu na kunipa pesa ya pole. Kulikuwa na karatasi ya kusaini, ukurasa mmoja, mstari wa mwisho umeandikwa sitadai tena chochote kuhusu mtoto huyu. Nilikuwa na shida ya hela kweli kweli na kalamu nilishaishika. Mume wangu akasema ngoja tukalale kwanza. Ukipewa karatasi ya namna hiyo omba nakala uende nayo kwa wakili, kama haiwezi kusubiri kesho basi ina tatizo. Dai la mtoto sehemu nyingi halimalizwi kihalali bila mahakama kupitisha makubaliano, na ni kwa ajili ya kumlinda mtoto dhidi hata yetu sisi wazazi tuliochoka.

Tulimalizana nje ya mahakama wiki mbili kabla ya kesi kusikilizwa. Pesa ya mtoto iko kwenye akaunti inayosimamiwa na mahakama, natoa kwa risiti, sehemu tunapata kila mwaka, na ndugu walionuna wamenuna. Mwezi uliopita imenunua kifaa cha kusimamia. Anafungwa mikanda kifuani na magotini, anasimama dakika 20 asubuhi, na siku ya kwanza aliyosimama aliangalia juu ya meza ya jikoni muda mrefu sana akaniuliza kwa taabu yake, mama, kumbe vitu vyangu mnavificha huku.