Barua kwa mwanangu: utajuaje kwamba vinatosha?

Mwanangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Barua yako imefika. Umeniuliza mambo matatu kwa pumzi moja: kama ni dhambi kwa kijana aliyeokoka kutamani vitu vizuri, kwa nini unaomba, unatoa sadaka, na bado roho inakuuma ukiona wenzako walikofika, na kama uchukue gari la mkopo kwa kuwa rika lako karibu wote sasa wanaendesha. Nitaanza na la pili, maana ndilo lililozaa hayo mengine.

Paulo alipowaandikia Wafilipi alikuwa kifungoni, na hakudai kwamba alizaliwa ameridhika. Alisema amejifunza kuwa radhi na hali yoyote aliyo nayo (4:11). Tena mstari unaofuata anasema amefundishwa yote mawili, kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Watu wengi husoma nusu yake, wakadhani somo hili ni la maskini tu. Mwenye vingi naye hufundishwa, na nyongeza ya mshahara haimfundishi mtu. Kwa hiyo usishtuke kwamba uliomba na asubuhi uchungu ukawa ungalipo. Omba, kisha fanya mazoezi.

Elewa kwanza jinsi tamaa inavyofanya kazi. Kitu kipya hufurahisha, halafu macho hukizoea, kikawa cha kawaida. Ila deni lake na matunzo yake havizoeleki. Zaidi ya hapo, kitu kipya huvichakaza vya zamani. Mwaka 1769 mwandishi Mfaransa Denis Diderot alieleza jinsi joho jipya la nyumbani lilivyomfanya aione samani yake yote kuwa duni, akaanza kubadilisha kimoja baada ya kingine, mwisho akalililia joho lake kuukuu. Ndiyo maana unapopiga hesabu ya kununua kitu, uliza pia kitalazimisha nini kingine kibadilishwe.

Halafu kuna jirani. Ahabu alikuwa mfalme, lakini shamba la mizabibu la Nabothi lilipakana na jumba lake, basi akalala kitandani, akageuza uso, akakataa kula (1 Wafalme 21). Hakuugua kwa sababu ya hazina ya mfalme wa nchi ya mbali. Nawe hukosi usingizi kwa ajili ya mabilionea. Unakosa usingizi kwa ajili ya uliosoma nao darasa moja. Macho hayana pazia, na simu imewaleta majirani wote wa dunia uani kwako, kila mmoja akiwa amevaa nguo zake za sikukuu.

Sasa la dhambi. Kutaka nyumba isiyovuja, simu inayofanya kazi au nguo nzuri si dhambi. Timotheo aliambiwa awaagize matajiri wasiutumainie utajiri usio yakini, bali wamtumaini Mungu atupaye vitu vyote kwa wingi ili tuvitumie kwa furaha (1 Timotheo 6:17). Kwa furaha, mwanangu. Si kwa kujificha. Kinachokatazwa katika amri ya 10 ni kutamani cha jirani, na alichokemea Yesu kwa yule aliyetaka kugawiwa urithi ni kudhani kwamba uzima wa mtu umo katika wingi wa vitu vyake (Luka 12:15). Jipime kwa maswali haya. Ningekitaka kama hakuna mtu ambaye angekiona? Nikikipata, naweza kumwazima mtu bila tumbo kunisokota? Na hili la tatu ndilo zito: nakitaka kinifanyie kazi gani? Ukijibu "kinifikishe kazini", sawa. Ukijibu "kinifanye niheshimike" au "kinitulize", umekitwika mzigo kisichouweza, na hata ukikinunua utarudi dukani.

Anza na daftari. Kila unapotamani kitu, kiandike kwa safu tano: kitu chenyewe, bei yake, tarehe, ulikiona wapi, na unakitaka kikufanyie nini. Kikizidi sehemu 2 kwa 100 za mshahara wako wa mwezi, ngoja siku 30. Kikizidi mshahara wa mwezi mzima, ngoja miezi 3. Kanuni hii haigusi vitu vya lazima vilivyoharibika. Kiatu kilichofumuka hakingoji siku 30. Muda ukiisha, ukikuta hata hukumbuki kwa nini uliandika, futa. Ukikuta sababu bado imesimama na pesa ipo, nunua, tumia, mshukuru Mungu, wala usimwombe mtu radhi.

Daftari huharibika kwa njia moja kuu: mtu anaandika, kisha kila usiku anarudi kukichungulia kitu kile, anasoma maoni ya walionunua, anaweka arifa za punguzo la bei. Huko si kungoja, ni kuilisha tamaa kwa kijiko. Ukishaandika, funga ukurasa. Na safu ya "nilikiona wapi" isome mwisho wa mwezi. Mara nyingi sehemu kubwa ya matamanio hutoka kwenye chemchemi mbili au tatu tu: akaunti fulani, kundi fulani la gumzo, rafiki fulani ambaye mazungumzo yake yote ni bei. Akaunti acha kuifuata, kundi linyamazishe. Rafiki usimkimbie, mpeleke kwenye mazungumzo mengine.

Kabla ya kununua chochote kikubwa, geuza bei kuwa saa za maisha yako. Tuseme mshahara unaofika mkononi ni 100, na nauli pamoja na gharama nyingine za kazini ni 10. Umebaki na 90. Unafanya kazi saa 180 kwa mwezi na unakaa njiani saa 45, jumla 225. Gawa 90 kwa 225, unapata 0.4 kwa saa. Basi kitu cha bei ya 20 kinakula saa 50 za uhai wako, hujahesabu matunzo. Watu hukosea kwa kugawa mshahara wote kwa saa za ofisini peke yake, ndipo kila kitu kinaonekana rahisi.

Ila mazoezi yote haya ni madogo mbele ya moja, na ukiyasahau mengine ushike hili: andika kiasi kinachokutosha kabla pesa haijaja. Ikishaingia, moyo haupigi hesabu tena, unatafuta sababu. John Wesley, mhubiri Mwingereza wa karne ya 18, alisimulia katika mahubiri habari za kijana wa Oxford, ambaye wengi huamini alikuwa Wesley mwenyewe. Mwaka wa kwanza alipata pauni 30, akaishi kwa 28, akatoa 2. Mwaka wa pili alipata 60, akaishi kwa zile zile 28, akatoa 32. Wa tatu alipata 90, akatoa 62. Wa nne 120, akatoa 92. Sikuambii uige tarakimu zake. Hakuwa na familia ya kulisha. Tazama mpango wake: kilichokuwa kinapanda kila mwaka ni utoaji, si maisha.

Hapa ndipo vijana wengi waaminifu wanapoteleza. Wanaambiwa watoe fungu la 10, na wanatoa kweli, lakini mafungu 9 yaliyobaki yanapanda pamoja na mshahara, na maisha yanapanda nayo. Asilimia peke yake haiwezi kukuambia "basi". Kikomo cha matumizi kiandike kwa kiasi kamili. Orodhesha kodi, chakula, nauli, bili, mavazi, tiba, wanaokutegemea, na kitu cha kujifurahisha (usikiache hicho, utavunja mpango mwezi wa pili). Jumlisha, ongeza sehemu 5 kwa 100 za yasiyotazamiwa. Hicho ndicho kikomo. Kipitie mara moja kwa mwaka, kwa sababu bei hupanda na watoto huzaliwa, lakini usikipitie siku mshahara ulipoongezwa. Nyongeza ikija, ishi miezi 3 kana kwamba haijaja, kisha uigawe: katika kila 10 za nyongeza, mathalani 3 ziende kwenye maisha, 3 akiba, 4 utoaji. Kama unaelekea ndoa, kikomo hicho mkiandike wawili, kabla ya harusi, na gharama za harusi ziwe na kikomo chake.

Akiba si kinyume cha imani. Yusufu alishauri sehemu ya tano ya mazao iwekwe miaka 7 ya shibe, na nchi ikapona. Tajiri mpumbavu katika mfano wa Yesu (Luka 12) naye aliweka. Tofauti ni kusudi na kiasi: mmoja aliwekea njaa iliyojulikana na watu wengi, mwingine aliiambia nafsi yake, "ule, unywe, ufurahi". Weka matumizi ya miezi 3 hadi 6 kwa dharura. Akiba nyingine ipe jina. Ukiona inakua na haina jina, jiulize unaogopa nini.

Sadaka itoe siku ile ile ya mshahara, kabla ya manunuzi, na kwa siri kadiri inavyowezekana. Na sikiliza hili vizuri, maana utaambiwa vingine madhabahuni: kutoa ili Mungu akurudishie mara 100 ya gari na nyumba ni kupenda mali kule kule, kumevaa nguo za ibada. Paulo aliagiza kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala kwa lazima (2 Wakorintho 9:7). Mhubiri anayekutia hofu ya laana ili ufungue pochi, usimtilie chochote.

Kuna na kosa la upande wa pili: kufanya kuridhika kuwe kisingizio. Kijana anayekaa bila kujituma na kusema "mimi nimeridhika" amechoka tu. Na mwajiri anayekuhubiria kuridhika huku akizuia ujira wako, Yakobo 5:4 inamhusu yeye; dai haki yako, kwa maandishi, na ulale ukiwa na amani. Paulo aliyewaambia watumwa wasihangaike ndiye aliyewaambia wakiweza kuwa huru, heri wautumie uhuru huo.

Jioni andika mambo 3 ya kushukuru, na kila moja lifuatwe na jina la aliyekuletea. "Asante kwa yote" haifundishi moyo kitu. "Asante kwa fundi aliyenirudishia chenji yangu" inaufundisha, kwa kuwa inajibu swali la 1 Wakorintho 4:7, una nini usichokipokea? Usishukuru kwa kujilinganisha na walio chini yako. "Afadhali mimi kuliko fulani" ni sala ya yule Farisayo katika Luka 18, na ni mizani ile ile inayokuliza, imegeuzwa tu.

Wivu ukikuchoma, mwambie Mungu waziwazi kama Asafu alivyofanya katika Zaburi 73, hakupamba maneno. Kisha mpongeze mwenye kitu mapema, kabla hujaanza kutunga sababu za kumshuku alikipataje. Na kila juma tenga saa 24 usizonunua chochote wala kutazama bidhaa. Waisraeli walikusanya mana maradufu siku ya sita; waliotoka kuitafuta siku ya saba hawakuona kitu. Nawe maliza manunuzi siku iliyotangulia, simu iache chumba kingine, la sivyo saa hizo zitageuka kuwa za kutazama vitu kwa utulivu zaidi.

Sasa gari. Chukua mfano, kisha uweke namba zako. Mshahara 100. Bei taslimu ya gari ni 900. Mkopo unakudai 25 kwa mwezi, miezi 48, jumla 1,200. Hapo umelipa 300 kwa kutongoja. Mafuta, bima na matengenezo tuseme 15. Gari linakula 40 kila mwezi, na nauli unayolipa leo ni 10, kwa hiyo pengo ni 30. Kama kazi yako inahitaji kubeba mizigo, au inaisha saa ambazo hakuna usafiri salama, pengo hilo lina sababu na tunaweza kulijadili. Kama sababu ni rika, rudi kwenye swali la kazi ya kitu.

Vyovyote vile, usitie sahihi sasa. Kuanzia mshahara ujao weka kando 30 kila mwezi kwa miezi 4, kana kwamba gari liko mlangoni. Ukishindwa kuziweka, mkopo nao ungekushinda, na mkopeshaji hana huruma ya kusubiri. Akopaye ni mtumwa wake akopeshaye, ndivyo Mithali 22:7 isemavyo. Ukiweza, utakuwa na 120 za kuanzia, na mkopo utapungua. Katika miezi hiyo angalia 30 zinatoka wapi. Zikitoka kwenye starehe na nguo, vema. Zikitoka kwenye sadaka na kwa wanaokutegemea, jibu umelipata bila kuniuliza. Mwezi wa nne ukiisha, niletee daftari na karatasi ya mkopo, ile yenye riba na ada zote, tuipitie pamoja.

Mama yako